Nimeandika kwa Wino Ndani ya Katiba ya Baba

Mpendwa Bi Safaa, shikamoo, naomba unisaidie maana nyumbani kwetu Magarini hakukaliki, baba yangu mzee Ngumbao ana nakala ya Katiba aliyopewa bure mwaka ule wa kura ya maoni, 2010, ameifunga kwa leso na hakuna anayeigusa kabla ya kunawa mikono, wala simcheki, maana siku tingatinga lilipokuja kubomoa nyumba zetu alisimama mbele yake akasoma ukurasa wa ardhi kwa sauti mpaka dereva akazima injini, kesi ikaenda mahakamani ikakaa miaka kumi na moja, tukashinda, mama akiwa ameshakufa. Sasa kikundi chetu cha akina mama kimenichagua nikatoe maoni Alhamisi kwenye kikao cha marekebisho ya Katiba, niombe kesi za ardhi ziwekewe kikomo, basi katika kujiandaa nikachukua kitabu cha baba nikaandika pembeni kwa wino, naye akaona, akaniambia, "Nyevu, hiki ndicho kilichotuweka hapa, nawe wakitia ila? Ukienda huko, mimi si babako," na leo ni siku ya tisa haitikii salamu yangu, nami nampenda na kikao nakitaka, nifanyeje?

Nyevu, Magarini

Marahaba, Nyevu mwanangu. Kitabu cha mtu unakiandika kwa wino, daftari zimeisha huko Magarini? Mzee aliyelisimamisha tingatinga kwa kusoma, mimi nikikutana naye nitambusu mkono. Nenda ukapige magoti umuombe radhi kwa ule wino. Kwa wino tu, si kwa maoni.

Naye ana kosa lake, na mwambie nimesema mimi. Ukurasa wa ardhi ameuhifadhi, lakini nashuku hajafika Sura ya Kumi na Sita, ambayo kazi yake yote ni kueleza Katiba inavyorekebishwa. Walioiandika walijua wao si Mungu, na hapo ndipo ninapowapenda. Muombe akusomee sura hiyo, wewe ukae chini, usimkatize wala usimfundishe. Akimaliza, muulize jambo moja: kesi ingekuwa na kikomo cha miaka mitatu, mama angeisikia hukumu?

Alhamisi nenda, hata akinuna, lakini mwalike. Akisimama kukupinga mbele ya watu, nyamaza mpaka amalize, kisha inuka useme yako bila kutetemeka. Haki ya kusema ni yako kama ilivyo yake, na yeye ndiye aliyekufundisha kuitumia.