Kipimo Kilichokatwa Ncha

Dukani,
Jumatano asubuhi

Dada yangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta salama, na jicho lililopasuliwa linaendelea kupona. Sisi huku hatujambo. Mke wangu anakusalimu, watoto wanamsalimu shangazi yao, na yule paka uliyekuwa ukimfukuza kwa ufagio bado yuko dukani, kanenepa kuliko sisi sote. Usijaribu kusoma kabla daktari hajakuruhusu. Atakusomea mchukuzi wa barua hii, kaka yetu mwenyewe, Mheshimiwa, anayekuja kukuona Ijumaa.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini sijampa hata neno la pole tangu aangushwe kwenye uchaguzi. Nikakwambia simu inakatika. Haikuwa ikikatika, dada. Nilikuwa nalikwepa jibu.

Jibu ni kwamba namwonea kaka wivu. Si wivu wa leo wala jana. Hata nilipolazwa hospitali, karani wa mapokezi aliandika kwenye faili kwamba mgonjwa ni mdogo wake Mheshimiwa, na tumbo lililokuwa likiuma ni langu mwenyewe. Kaka alipotuletea maji ya bomba mtaani, watu walimshangilia yeye. Bomba lilipopasuka, wakaja kunigombeza mimi.

Unakumbuka alivyoanza, na majora mawili ya kitambaa begani, akitembeza nyumba kwa nyumba mpaka akafungua duka hili. Mimi akaniweka kwenye meza ya kukatia. Yeye anazungumza na wateja, mimi nakata. Wateja walimkumbuka aliyezungumza.

Alikuwa na desturi moja. Kitambaa cha sanda alikipima mwenyewe, na mwisho akaongeza shibiri mbili za bure. Alisema maiti harudi dukani kudai, kwa hiyo apewe haki yake mapema. Siku moja alikuwa amekwenda kupokea mzigo, akaingia fundi baiskeli aliyefiwa na mama yake. Wiki ile kipimo chetu cha mbao kilikuwa kimepasuka ncha, nami nikajiona mwerevu: nilikuwa nimeikata ile ncha kwa msumeno, upana wa vidole vinne, nikaendelea kupimia kama kawaida. Sanda nikaipima kwa kipimo hicho hicho. Zile shibiri mbili sikuziongeza. Nilijiambia huo ni ukarimu wake, si wangu.

Sanda ikapungua. Miguu ya mama wa watu ikabaki wazi mbele ya wanawake waliomwosha. Kaka aliposikia hakunigombeza. Alibeba jora zima, akaenda kwa miguu mpaka msibani, akasema mbele ya wafiwa wote kwamba duka ni lake na kosa ni lake. Niliona aibu, kisha nikaona hasira, maana fundi baiskeli aliisimulia habari ile kwa kila aliyemletea gurudumu. Mwaka uliofuata wakamchagua kaka diwani, kisha mbunge, vipindi viwili. Watu husema alipanda kwa uaminifu wake. Sawa. Lakini ngazi niliichonga mimi kwa msumeno wangu, na hakuna aliyeniambia ahsante.

Kampeni hii ya tatu, mpinzani wake alipanda jukwaani na kile kipimo kilichokatwa. Akakinyanyua juu, akauliza kama huyu ndiye mcha Mungu wao, anayewapunja hata maiti. Watu wakageuka kumtazama kaka. Kaka alipotakiwa kujibu, alisema kipimo ni cha duka lake na hana la kuongeza. Angetaja tu aliyeshika msumeno, angepita. Hakumtaja. Akashindwa kwa kura za kuhesabika.

Sasa amerudi nyuma ya meza. Anapima, anaongeza shibiri zake mbili, na watu wanapanga foleni kuja kumpa pole. Dada, hata kushindwa kwake kunapendeza! Nami nakata kitambaa pembeni huku roho inaniuma.

Yeye anaamini mwizi aliingia akakiiba kile kipimo. Amefika hadi kunifariji, ati nisijilaumu kama nilisahau kufunga mlango wa nyuma. Jumatatu alinunua kufuli jipya, akalifunga kwa mkono wake. Ufunguo mmoja akabaki nao, wa pili akanipa mimi.

Hapa, dada, namwomba msomaji asiruke mstari. Kaka, najua sauti yako imeanza kupungua. Endelea, dada anasubiri. Hakuna mwizi aliyeingia. Kipimo nilikitoa mimi chini ya meza, kilikokuwa kimetupwa tangu msiba ule, nikakizungushia gazeti, nikampelekea mpinzani wako mkononi. Hakunipa kitu, wala sikumwomba kitu. Nilitaka siku moja tu watu wakutazame wewe kama wanavyonitazama mimi. Nawe ukanificha tena, kama ulivyonificha msibani, na hilo ndilo lililonichoma zaidi ya yote. Kikulacho ki nguoni mwako, kaka. Nimekuwa nikipanga maneno haya tangu matokeo yatangazwe, lakini kila ukiniangalia kwa huruma nainamia kitambaa nikaendelea kukata. Ndiyo maana nimekupa uyasome mwenyewe, kwa mdomo wako, mbele ya mtu ambaye hatujawahi kumdanganya.

Ukirudi Jumapili utanikuta hapa hapa. Kufuli nitakuwa nimeling'oa, litakuwa juu ya meza pamoja na ufunguo wangu. Lilikuwa linamfungia mwizi ndani.

Dada, usimruhusu aondoke bila kula, hata kama atasema hana njaa. Nisalimie shemeji, na majirani wote wanaoniulizia. Mungu akurudishie nuru ya jicho lako, na akijalia, siku moja usome mwenyewe barua yangu bila kusomewa na mtu.

Wasalaam,

Ni mimi,
mdogo wake Mheshimiwa