Nilihamisha Masale ya Njia ya Baiskeli

Mpendwa Bi Hajira,

Naomba msaada wa safu yako ya ushauri gazetini, na kwa umri wangu ilitakiwa wewe uniamkie mimi, lakini leo anayeinama ni mimi, mzee wa miaka sabini na tisa, mpima ardhi mstaafu niliyepima viwanja vya watu kutoka Himo hadi Bomang'ombe, na sasa daktari ameniambia nirudi nyumbani nikale ninachopenda, maneno ambayo kila mgonjwa anajua maana yake, kwa hiyo sina muda wa kuzungukazunguka.

Naishi Uru, kwenye kona ambapo barabara inaacha migomba na kuanza kuuona mji. Zamani barabara hii ilikuwa ya miguu na baiskeli, na baiskeli kwetu hushuka imembeba mtu na hupanda mtu akiisukuma, basi hakukuwa na ugomvi. Biashara ilipofunguliwa, magari yaliyotumika yakaingia kutoka Japani kama kumbikumbi, na mimi nikapata pikapu yangu, na kila asubuhi watu wenye mikungu ya ndizi na madumu ya maziwa wakawa wanasukumiwa mferejini. Wakaomba ule ukanda wa udongo kati ya lami na mfereji, upana wa hatua mbili, uwe njia yao peke yao. Wenye magari tukakataa, maana hapo ndipo tulipokuwa tunapishana na kuegesha. Ukachorwa mstari mweupe, mvua za masika zikaufuta. Yakapangwa mawe, watu wakayabeba kwenda kujengea misingi. Mwisho nikaombwa mimi, kwa kuwa ni mpima, nikasimika bikoni, vile vigingi vya mpaka vya zege vyenye namba, kazi niliyoifanya maisha yangu yote, na wiki mbili hazikupita vipanya, yale mabasi madogo ya abiria, vikawa vimezivunja zote isipokuwa moja, na ile moja mtu aliigeuza kiti.

Mwaka tisini na sita tukaitwa kwenye mkutano. Rajabu, dereva wa lori la mchanga, mtu mwenye sauti ya kuita ng'ombe, akasimama akasema, "Baiskeli hailipi kodi ya barabara! Anayetaka njia yake anunue injini!"

Aristides, fundi baiskeli, akamjibu akiwa amekaa, "Rajabu, na hilo lori lako likizimika mlimani, anayekimbia mjini kukuletea fundi anakwenda na injini ya nani? Si mimi na baiskeli yangu?"

Watu wakacheka, na katika kicheko hicho akasimama Mektrida, mwanamke wa kwanza kwetu kushusha maziwa mjini kwa baiskeli, akaamkia wazee, kisha akasema, "Mnagombania rangi na zege kama watu wasio na kwao. Kihamba cha baba yangu hakina ukuta wala senyenge. Kina masale. Nani humu ndani amewahi kuyavuka?"

Kwa msomaji asiye wa mlimani, isale ni mmea wa majani marefu ya kijani, ndio mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo, ndio tunaoupanda makaburini, na mtu aliyekukosea akija kwako ameshika jani lake huwezi kumfukuza. Siku ya pili watu walikata vipande kutoka vihambani mwao, wakapanda mstari mrefu ukingoni mwa barabara, vijiti visivyofika magotini, ambavyo mbuzi mmoja angeweza kuvimaliza.

Bi Hajira, nimeona mengi, lakini sijaona jambo kama lile. Lori lililojaa mchanga lilishuka, likafika kwenye vijiti vile, likapunguza mwendo na kukaa upande wake. Vipanya vikafuata. Hata madereva wa mjini wasio Wachagga, akiwemo Rajabu mwenyewe, walikuwa wakikunja usukani mbele ya jani kama mtu anayepisha jeneza. Asubuhi zilipokuwa safi na kilele cha Kibo kimejitokeza cheupe juu yetu, watu walishuka mmoja nyuma ya mwingine ndani ya mstari ule, kengele zikilia, na mimi mpima niliyesoma hesabu za pembe nilisimama getini kwangu mwili ukinisisimka.

Ningeishia hapo ningekufa mtu mwema. Lakini kwenye kona yangu pikapu haikuweza kuingia getini bila kugusa masale, ikanibidi kila siku nirudi nyuma mara mbili tatu, na Jumapili moja, wakati wa misa ya kwanza ambapo barabarani hubaki kuku tu, niling'oa masale kumi na moja nikayapanda upya hatua moja ndani ya ukanda, upande wa mfereji, nikafukia mashimo, nikafagia. Ukingo wa lami pale ulikuwa umeshamegeka, hakuna aliyeweza kusema mstari ulipita wapi. Nilijiambia nafanya hivyo kwa ajili ya geti. Nilikuwa najidanganya. Bikoni zangu zilivunjwa na vijiti vyao vikatiiwa, na moyo wangu ulitaka kuona kama vingetiiwa hata vikiwa mahali pasipo pake.

Vilitiiwa. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo. Malori yalisogea hatua moja ndani, sawasawa na nilivyopanda, na watu wa baiskeli wakajibana kwenye hatua moja iliyobaki, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu hakuna aliyeweza kufikiri kwamba yupo mtu kwetu wa kuhamisha masale.

Zikaja zile mvua kubwa za mwaka tisini na saba. Mektrida akawa anashuka na madumu mawili, lori la Rajabu likapita kwenye kona, na yeye akakosa pa kukanyaga, akaanguka mferejini na nyonga ikavunjika. Maziwa yalitiririka barabarani. Rajabu aliruka chini, anaonyesha kwa vidole vyote, "Sijavuka! Jamani angalieni, sijavuka!" Watu wakaangalia, na kweli tairi zilikuwa nje ya masale kwa upana wa kiganja. Na Mektrida, amelala kwenye matope, akasema, "Mwacheni. Masale hayadanganyi. Nitakuwa mimi ndiye niliyetoka nje ya mpaka."

Nilikuwa getini, hatua sita kutoka alipolala. Sikusema neno.

Alipotoka hospitali akitembea kwa fimbo, alimpelekea Rajabu jani la isale kumwomba radhi, na kwa kuwa jambo kama hilo linahitaji mzee wa kushuhudia, walinikalisha mimi kwenye kiti cha shahidi. Rajabu alilipokea kwa mikono miwili, analia. Nikasema, "Yameisha." Tangu siku hiyo Mektrida hajapanda baiskeli, na watoto wakikaribia kona mama zao huwaambia wamkumbuke mama aliyevuka masale.

Sasa masale yale yananifika kifuani. Njia imeigwa hata Rau. Padri ameniondolea dhambi, lakini alichoniondolea ni cha mbinguni, cha barabarani bado kipo, kinapita mbele ya dirisha langu kila asubuhi. Nilimwambia mwanangu Shedrack nataka kusema, akaniambia, "Baba, ukisema, kesho madereva watasema kumbe ni majani tu. Unataka watoto wagongwe ili roho yako moja ipumzike?" Je, ninyamaze ili njia ipone? Au niandike kwenye wosia usomwe nikishazikwa? Maana najua watapanda masale juu ya kaburi langu, na sijui nitalalaje chini yake.

Nimekufungia jani moja kwenye bahasha. Majina nimeyaacha kama yalivyo, kwa sababu nimechoka kuficha. Ukiona inafaa kuchapa, chapa.

Mpima mstaafu,
Uru

*

Mzee wangu, shikamoo.

Nimekupa heshima yako, sasa nisikilize. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nililia, mara ya pili nilikasirika, na mara ya tatu niliona kwamba swali uliloniuliza silo linalokuumiza. Unaniuliza juu ya njia. Kinachokuumiza ni mwanamke mwenye fimbo.

Mimi ni mtu wa mjini, baba yangu wa Pangani na mama yangu Mpare, isale kwetu hatupandi. Lakini mwaka jana nilipita kwenye kona yako nikienda msibani, dereva akapunguza mwendo pasipo na mtu wala baiskeli. Nikamuuliza anamwogopa nani. Akasema, "Mama, pale kuna watu hata kama huwaoni." Kwa hiyo usidhani sielewi ukubwa wa kitu ulichokigusa.

Mwanao Shedrack anakupenda, ila amekosea. Anaogopa watu wakijua ulihamisha masale wataacha kuyaheshimu. Mzee, wewe mwenyewe umetuandikia kazi ya jani hilo: ni la mtu aliyekosea. Wazee wenu hawakulipanda kwa sababu mlimani hakuna wezi wa mipaka. Walilipanda kwa sababu wezi hao walikuwapo, wenye sura kama yako, na walihitaji kitu cha kushika mkononi siku ya kurudi. Ukikiri ukiwa umelishika, hutalivunjia heshima. Ukifa umenyamaza ndipo litakuwa jani tu, kwako wewe.

Na masale hayakumdanganya Mektrida. Yalisimama pale yalipopandwa. Aliyedanganya ana jina, na alikuwa getini.

Wosia sitaki kuusikia. Wosia ni kukimbia ukiwa umelala. Unataka mama yule aje kwenye mazishi yako kwa fimbo, awapikie watu wako chai, halafu asikie mbele ya umati kwamba miaka mitano amebeba kosa lako? Usimfanyie hivyo. Umeshamvunja nyonga, inatosha.

Fanya hivi. Mwambie Shedrack akupakie kwenye hiyo hiyo pikapu akupeleke kwa Mektrida. Yeye asiseme kitu, kazi yake ni kuendesha. Ukifika sema kwa Kichagga, sema kwa ufupi, na neno geti lisitoke kinywani mwako mpaka aulize mwenyewe. Akikutukana, mwache amalize. Akinyamaza, nyamaza naye, usiharakishe kumfariji ili upate nafuu wewe. Kisha aitwe Rajabu, naye alirudishe kwa Mektrida lile jani alilopewa bila kustahili, kwa mikono ile ile miwili, na wewe ukae tena kwenye kile kiti cha shahidi useme kwamba siku ile hayakuisha.

Halafu nendeni kwenye kona. Mektrida akalishwe kwenye kiti, yeye ndiye aonyeshe kila isale lirudi wapi, kwa sababu yeye ndiye mwenye mpaka. Wewe shika utepe wa kupimia. Ikiwa mikono inatetemeka, Aristides ashike ncha ya pili. Geti lenu litabaki na dhiki yake, pikapu itarudi nyuma mara tatu kila siku mpaka ichakae, na kila anayeiendesha atajua kwa nini. Na mama wote wenye watoto waelezwe, ili kona ile ipate hadithi ya kweli.

Usiponiamini, fikiri hivi: madereva walikunja usukani kwa ajili ya kijiti ambacho mbuzi angekimaliza. Watu wa namna hiyo unawaogopa kuwaambia ukweli?

Barua yako itatoka gazetini Jumamosi. Jibu hili nakutumia leo Jumatatu kwa mkono wa kondakta wa gari la Uru, ili Mektrida asisome kwenye karatasi jambo alilopaswa kulisikia kinywani mwako. Una siku tano. Najua unaumwa. Yeye alikwenda kwa fimbo, na nyonga iliyovunjika, kuomba radhi asiyodaiwa, basi na wewe utakwenda.

Jani ulilonifungia nimelirudisha ndani ya bahasha hii. Mimi hujanikosea kitu. Lilifika limelegea kwa safari, nikaliweka kwenye glasi ya maji mezani kwangu, na lilipopata maji likasimama.

Lipeleke kwa mwenyewe.

Bi Hajira