Mama, Kompyuta Iliona Bwawa Uani Kwetu

Mama yangu,

Kamwene. Najua hutajibu, ila nikianza bila salamu utasema chuo kimeniharibu. Ni mimi kitindamimba wako, niko hapa hapa Mbeya, Uyole, kwenye kile chumba ulichokikagua ukasema kina unyevu kama kisima. Unyevu bado upo, na baridi ndiyo usiseme. Nimejifunika kitenge chako cha kijani, nakuandikia kwa sababu nyumbani kwetu hakupo tena na mtu wa kumwambia ni wewe tu.

Unakumbuka ile likizo niliyokuonyesha Kilolo kwenye simu? Ulikuwa jikoni unachambua mboga, moshi umekujaa machoni. Nikakwambia, mama, hii picha imepigwa kutoka juu kabisa angani, na ninachosomea mimi ni kuchora ramani juu ya picha kama hizi. Ukafuta mikono, ukaishika simu mbali na uso kama dawa usiyoiamini.

"Mwe! Hili si paa letu? Mbona kutu yote hii? Kwa hiyo dunia nzima inaona kutu yetu?"

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Kisha ukaona kipande cha bluu mbele ya nyumba, ukaisogeza simu karibu. "Hilo turubai langu. Maharage hayo. Na huyu hapa pembeni ni mimi, nimeinama." Kilikuwa kidoti cheusi tu, mama, kidogo kuliko punje ya ulezi. Lakini wewe ulijijua, na ukakasirika kweli kweli. "Wanampiga mtu picha bila hodi! Wangesema, ningevaa kitenge kipya."

Turubai lenyewe tulikwenda kulinunua pamoja Iringa mjini, kwenye duka la yule Mhindi aliyejua Kihehe kunishinda. Ulilitandaza pale pale mlangoni, ukanipa ncha moja, wateja wanaturuka. "Vuta! Vuta kwa nguvu, likichanika hapa ni la kwake, likichanika nyumbani ni letu!" Yule baba akabaki kashika kiuno anacheka. Halikuchanika. Nikalibeba mimi kichwani mpaka stendi, shingo imeingia mabegani, wewe unatembea mbele mikono mitupu kama mke wa mkuu wa wilaya.

Tangu siku hiyo turubai likawa ndilo mwenye nyumba. Ole wake atakayekanyaga. "We mtoto, pita pembeni, hayo maharage ni ada yako!" Na wingu likichungulia tu kule mlimani, ulikuwa unapiga kelele neno moja, "Turubai!", kila mtu anaacha alichoshika na kukimbilia kona yake. Yako ilikuwa ya upande wa jikoni. Kaka Fadhili ya barabarani. Mimi ya kwenye mwanzi wetu wa uani. Baba alishatangulia kaburini, kwa hiyo kona ya nne ilishikwa na yeyote aliyekuwa anapita. Hata mchungaji, siku ile alipotutembelea, alitoka mbio na kona, tai imerukia begani, na wewe unamfokea akunje vizuri. Sijawahi kusahau uso wake.

Basi, baada ya kukuzika pale nyumbani nilirudi Mbeya. Somo lenyewe la picha hizi chuoni tunafundishwa kwa mtandao, mwalimu yuko Dar es Salaam, sura yake siijui, najua sauti tu. Akatufundisha kuifundisha programu rangi. Unaionyesha kwamba kijani ni miti, kahawia ni shamba, bluu ni maji, kisha yenyewe inapaka eneo zima. Mimi nikachukua Kilolo yetu. Ilipomaliza kupaka, mwalimu akaniita mbele ya darasa.

"Kijijini kwenu kuna bwawa? Tena la pembe nne, limenyooka vizuri."

"Si bwawa, mwalimu. Ni turubai la mama."

"Basi futa. Turubai si maji."

"Na hicho kidoti pembeni?"

"Kivuli cha kitu. Usihangaike nacho."

Nilicheka, mama. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu tukufukie. Halafu kicheko kikageuka, nikalia na maikrofoni iko wazi, darasa zima linanisikia.

Bwawa nililifuta. Lakini picha yenyewe ilibaki, na kila nilipopata bando nilikuwa nafungua nakutazama. Nakuza, nakuza, mpaka unakuwa mraba mweusi, kisha nakurudisha kuwa kidoti. Sikuihifadhi mahali pengine. Nani anahifadhi picha ya nyumbani wakati iko pale pale, itakwenda wapi?

Juzi nimefungua ili nimalize kazi ya mwisho, ramani ya kijiji cha mtu mwenyewe. Wamebadilisha picha, wameweka mpya. Nikadhani nimepotea, nikaanza kutembea kwa maelekezo yako, yale uliyokuwa unawapa wageni. Shuka mpaka mwanzi wa shangazi. Upo. Fuata mteremko wa vinyungu, uone matuta ya mboga bondeni. Yapo, tena ya kijani kabisa. Pandisha kushoto, utaona paa. Nikapandisha. Hakuna paa. Kuna miti michanga ya milingoti, mistari kwa mistari, imepita uani, imepita jikoni, imepita kwenye kona zetu zote.

Yaani nimejua kuwa nyumba yetu imebomolewa kwa kuangalia kutoka angani, kama ndege. Nikampigia kaka Fadhili huko Chimala anakolima mpunga.

"Kaka, nyumba iko wapi?"

"Nani kakwambia?"

"Nimeiona."

"Umefika Kilolo?"

"Nimeiona kwenye ramani."

Akashusha pumzi ndefu. "Bati zilikuwa zinaoza, mdogo wangu. Nimezileta huku, nimeezekea stoo ya mpunga. Nyumba isiyo na mtu ya nini? Miti ikikua itatufaa wote."

"Na kaburi la mama?"

"Lipo, nimeliachia nafasi. Kwani mimi shetani?"

Nimelitafuta. Picha hizi zimeumbwa kwa vidoti, na kwenye hii mpya kidoti kimoja kinameza kitanda kizima, sembuse tuta la udongo na msalaba wa mbao. Sikuona nafasi yoyote. Niliona miti tu. Nikajaribu kurudi kwenye picha za nyuma, programu inaruhusu, na kila ninayoifungua ni mawingu matupu, unaijua Kilolo yetu. Ile ya turubai sijaipata tena.

Natamani kumchukia Fadhili nashindwa. Yeye ndiye aliyekubeba mgongoni mpaka zahanati, na anaposema nyumba haina mtu, hasemi uongo. Ila hakuniuliza, mama. Likizo iliyopita chuo kilitubakiza huku kwa mazoezi, na hii inayokuja wenzangu wanafungasha, wananiuliza unaondoka lini. Naondoka kwenda wapi? Nimechoka kulia na nimechoka kujikaza. Usiku sitaki ufike, na kukicha sitaki kuamka.

Kazi nimeituma. Mwalimu ana sheria moja asiyoilegeza, chora kilichopo, usichore kilichokuwepo. Kila eneo unalizungushia mstari, kisha unalichagulia jina. Pale kwetu vidole viligoma. Nikaenda kuchemsha chai, nikarudi, nikachagua "shamba la miti". Programu ikauliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo.

Jana nimempigia kaka tena. Sikugomba, nilimuuliza turubai tu.

"Lipo," akasema, na sauti ikawa ndogo. "Naanikia mpunga."

Nikafungua Chimala. Picha ya kule ni safi, haina hata wingu. Nikaenda kwenye mashine za mpunga, na mama, kumbe Chimala nzima ni maturubai ya bluu. Uwanja kwa uwanja. Nikiiachia programu ipake itasema mji umezama. Nimekuza la kwanza, la pili, nikaendelea mpaka bando likakata, nikanunua lingine. Pembeni ya kila turubai kuna vidoti vyeusi, viwili, vitatu, na nina hakika ni watu, mwalimu aseme atakavyo. Wote wameinama kama wewe. Nimewapitia wote, na hakuna hata mmoja ambaye ni wewe.

Pumzika, mama yangu. Mvua za Kilolo zimekaribia na hakuna wa kupiga kelele "Turubai!". Mimi kona yangu nimeishika bado, ya kwenye mwanzi. Zile nyingine sizioni.

Kitindamimba wako