Kitabu cha Babu Bado Kina Mwenyewe

Nyarero,
Tarime, Mara.
14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Nashoni,

Habari za Mtwara? Joto la huko linakutendeaje? Shikamoo yako naiitikia mapema, marahaba, maana nikiisubiri ije kwa barua nitazeeka. Sisi wazima, ila nimechoka. Magoti yananiuma, darasa langu lina watoto tisini na wawili, na mama yako Honoratha bado anapalilia viazi kana kwamba ana miaka ishirini. Anakuulizia kila Jumapili.

Kilichonichosha zaidi ni kitabu cha babu Nyangwine. Unakikumbuka, kile cha hadithi za fisi na sungura alichochapisha mwaka 1964 akiwa mwalimu. Imebaki nakala moja, na jalada mchwa wamekula. Watoto wangu hawana cha kusoma. Nikasikia kwamba kazi ya zamani, hakimiliki yake ikiisha muda, inakuwa mali ya wote na mtu anaichapa bila kumwomba yeyote. Nikahesabu miaka ya kitabu, sitini na ushee, nikafurahi. Likizo nzima nilikaa kwenye kompyuta ya shule nakiandika upya. Michoro niliipata mtandaoni, ng'ombe wazuri waliochorwa na mtu aliyekufa kabla babu hajaoa. Hiyo haina neno.

Kumbe nilihesabu vibaya. Afisa utamaduni, dada Shani, mgeni wetu kutoka Tanga, akanieleza kwamba hawahesabu tangu kitabu kilipochapwa. Wanahesabu tangu mwandishi alipokufa, miaka hamsini. Babu alikufa 1981, kwa hiyo bado hadi mwisho wa 2031. Kabla ya hapo ruhusa itoke kwa mrithi.

Nikaona ni jambo dogo. Mjomba Vedasto, mtoto wa ndugu yake babu, aliweka saini kwenye fomu ya ruhusa siku hiyohiyo, na wazee wawili wa ukoo wakashuhudia. Nikarudi ofisini nimejaa vumbi. Shani akasoma, akauliza swali moja tu.

"Nyumba ya marehemu aliirithi nani?"

Ni wewe, Nashoni. Babu alikufa bila mtoto wa kiume, akiacha mabinti walioolewa, mama yangu akiwemo. Bibi Gati akatoa ng'ombe, akamwoa mama yako kwa desturi yetu ya nyumba ntobhu, mwanamke kumwoa mwenzake amzalie wajukuu warithi, ili nyumba isizimike, nawe ukazaliwa humo. Nani Nyarero asiyelijua hilo? Mimi nalijua, na bado nilipita mlangoni kwa mama yako nikaenda kutafuta saini kwa Vedasto.

Ndivyo nilivyonyamaza pia kwenye msiba wa bibi, Vedasto aliposema mbele ya watu kwamba wewe si damu yetu, usitupe udongo wa kwanza kaburini kama mrithi. Miaka tisa hujakanyaga hapa, nami nimejifanya sijui sababu. Naona aibu. Nisamehe.

Sasa nakuomba ruhusa. Ukikubali, watoto watasoma Januari. Ukikataa, nitayafungia makaratasi kabatini hadi 2032, nikiwa nimeshastaafu, na sitakulaumu. Kitabu ni chako.

Ila fomu niliyoiweka humu irudishe kwa vyovyote, hata kama utaandika hapana. Ni mpya, ile ya Vedasto nimeichana. Penye saini ya mrithi nimekuachia. Penye uhusiano na marehemu nimejaza mwenyewe, mama yako akiwa amekaa pembeni ananitazama mkono. Nimeandika: mjukuu.

Msalimie mkeo Neema na watoto. Mume wangu Emanueli anakusalimu, na mama yako anasema viazi vya mwaka huu ni vitamu. Mungu akutunze, na siku ukiamua kuja akufikishe salama.

Dada yako akupendaye, ingawa amechelewa kusema,

Felista