Gari Yenye Kitanda Haitafika Kaskazini

Nanyuki,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mama Muthama,

Nakusalimu wewe kwanza, kabla ya mbuzi na kabla ya kuku, ingawa najua hao wananikumbuka vizuri kuliko wewe. Je, lile goti? Umeacha ukaidi wa kubeba maji mgongoni kama msichana anayetafuta mchumba? Punda tulimnunua wa kazi gani, kwenda kanisani? Mimi niko mzima, isipokuwa baridi ya huku imeingia mpaka kwenye kisigino, na meno yaliyobaki yanagombana yenyewe kwa yenyewe. Nasikia huko Mutomo mvua imewapita tena. Pole. Huku inanyesha juu ya watu ambao hata hawaihitaji.

Barua yako niliipata. Wewe ukikasirika huwa mtu wa maneno machache. Umeniuliza jambo moja tu: nakubali au nakataa mbuzi wa posa, wale wa ntheo, wapelekwe kwa Nzioka kule Kambu, ili binti yake Ndanu aolewe kwa jina la mwana wetu Muthama, azae, watoto waitwe wa Muthama, na mahali pake pasiwe kichaka. Ukasema Nzioka amekubali, binti amekubali, ukoo umekubali, aliyebaki ni mzee mmoja aliyejificha jikoni kwa wazungu. Ni kweli, mbuzi hao hawatoki bila neno la baba. Neno nitalitoa humu humu. Lakini usiruke kwenda kulitafuta mwisho wa karatasi, nakujua. Soma kwa mpango.

Unajua kwa nini miaka hii yote nilikuwa nakuambia ngoja. Mbuzi wakishatoka, tumesema kwa mdomo wetu wenyewe kwamba Muthama harudi. Mimi na wewe tuliambiwa maneno yale yale na tajiri wake: lori la mahindi alilokuwa akiendesha limekutwa mbele ya Marsabit, kwenye ile nchi ya mawe meusi, milango wazi, bila mtu. Hakuna aliyesema ameona mwili. Wewe ulilia ukamaliza. Mimi nikasema, mtu asiyeonekana amekufa, amekufa kwa kauli ya nani? Labda yuko huko na ngamia, ameoa, amenenepa, anaona aibu kuandika. Uvivu wa kuandika ameurithi kwangu, wewe mwenyewe umesema.

Sasa, habari ya safari ambayo nilikuwa nakuficha.

Bwana wangu, yule mrefu aliyekuwa mpimaji wa mashamba, alipoacha kazi aliona kwenye gazeti picha za watu wa kwao wanaosafiri na gari yenye nyumba ndani. Unalala humo, unapika humo, unaoga humo, asubuhi unaamka uko wilaya nyingine. Akashikwa. Alinunua lori kuukuu, akaita fundi wa hapa, wakalijengea nyumba ya mbao na bati mgongoni. Wakaweka kitanda, meza, jiko la gesi, kabati la vikombe, madirisha yenye pazia la maua ambalo Memsabu alishona mwenyewe, na mahali pa kuogea ambapo mtu wa unene wako angeingia kwa upande. Kila fundi alipomaliza, Bwana alikumbuka kitu kingine. Mara rafu ya vitabu. Mara kiti cha kuzunguka. Nyumba yetu mimi na wewe haijawahi kuwa na vitu kama hivyo, na haijawahi kuambiwa iende Moyale.

Kila baada ya chai ya jioni walitandaza ramani mezani. Bwana alichora njia kwa penseli, Memsabu akafuta kwa raba. Mimi nilimimina chai polepole nikisoma ramani kichwa chini. Isiolo, sawa. Marsabit, sawa. Halafu penseli ikakata kwenda magharibi, ziwani. Yale mawe meusi ikayaacha kando kabisa.

Sasa wewe mwanamke wa kanisa, ziba masikio kidogo. Bwana anapenda ndege kuliko anavyompenda Memsabu. Siku moja nikiondoa vikombe nikamwambia kwa kile Kiswahili chao:

"Bwana, mbele ya Marsabit, kwa mawe nyeusi, iko ndege moja."

"Ndege gani?"

"Ndogo. Kichwa nyekundu. Naimba kama mzee nakohoa."

"Nani naona hii ndege?"

"Mimi naona, wakati ya vita, tukienda Abisinia."

Kwamba nilipita huko na jeshi nikiwapikia askari, hilo ni kweli na unalijua. Ndege ndiye niliyemuumba mwenyewe, Mungu anisamehe kwa kuingilia kazi yake. Bwana alileta vitabu vyake vyote, akafunua mpaka jasho likamtoka, hakumwona. Badala ya kunishuku akafurahi kama mtoto. Aliona sasa ni yeye atakayemleta ndege huyo duniani. Akachukua penseli, akachora mstari mpya, moja kwa moja mpaka kwenye mawe meusi. Memsabu alitaka kuufuta, Bwana akamshika mkono.

Hivyo ndivyo nilivyopata safari. Wao wangetazama juu, mimi ningetazama chini.

Tuliondoka kwanza kwenda Isiolo tu, mimi na Bwana, kujaribu gari na kuomba ruhusa. Mteremko wa kutoka Timau ulimaliza vikombe vyote vya Memsabu. Nilikuwa nyuma nikishika kabati kwa mikono na jiko kwa mguu, kama mtu anayekamua ng'ombe wawili wenye ugomvi. Tulipofika chini springi moja ilikuwa imekatika, na nyumba imelala upande mmoja kama mlevi anayesikiliza siri.

Kwenye kizuizi cha polisi, askari aliyetoka alikuwa kijana wetu, wa Nunguni, hao waliolelewa kwa kabichi na ukungu. Akaizunguka gari, akaniita pembeni, akanisemesha Kikamba.

"Mzee, hii mmeleta ni nini?"

"Nyumba."

"Inaenda wapi?"

"Moyale."

"Na ikichoka?"

"Italala. Ina kitanda."

Alicheka, mtoto wa watu, lakini hakufungua. Alisema gari za watu binafsi haziendi peke yake kule juu, zinaungana na msafara wenye askari, na msafara hauwezi kungojea nyumba. Bwana akaambiwa aombe ruhusa kwa wakubwa. Akaomba. Tukakaa Isiolo tukingojea, fundi akitengeneza springi, mimi nikimpikia Bwana ndani ya hiyo nyumba iliyopinda, supu ikikimbilia upande mmoja wa sahani.

Hapo Isiolo ndipo nilipokutana na Abdalla. Si unamkumbuka, yule wa Kitui mjini, mtoto wa mwenye duka la kanga? Sasa ni dereva wa malori ya njia ile. Aliniona sokoni nikichagua vitunguu.

"Mzee Munyoki, bado unatafuta sababu ya kutorudi kwa mke wako?"

"Na wewe, ndevu zote hizo, umeficha nini humo?"

Tulikaa tukanywa chai. Nikamwambia naenda kaskazini. Aliitazama gari ya Bwana ng'ambo ya barabara, pazia zake za maua zikipepea, akasema, "Na hiyo?" Nikasema na hiyo. Hakucheka. Abdalla huyo anayecheka hata mazishini hakucheka, na mimi nikajua kuna neno.

"Unaenda pale kwa Muthama," akasema.

"Naenda kuuliza watu."

"Watu gani, mzee? Pale hakuna mji. Lile lori limebaki chuma cha chini tu. Bati zimechukuliwa, milango imekuwa milango ya nyumba za watu huko mbali. Nimepita hapo mara nyingi."

Nikamwuliza kando ya barabara kuna nini. Akazungusha kikombe chake.

"Kuna marundo ya mawe. Wanaofia njiani, sisi tunaopita ndio tunawafukia. Udongo hakuna wa kuchimba, unapanga mawe juu. Hakuna anayeuliza jina."

"Na wewe umefukia?"

"Mmoja. Siku chache baada ya lori kukutwa, mbele yake kidogo. Alikuwa ametembea akitafuta maji."

"Alikuwa na pengo hapa mbele?"

"Mzee."

"Nakuuliza, Abdalla. Hapa mbele. Meno haya mawili."

"Jua lilikuwa limeshamfanyia yake. Nisingeutambua uso hata ungekuwa wa ndugu yangu. Alikuwa mtu mzima, kijana, hana viatu. Nilimsomea dua. Sikujua alikuwa wa dini gani, nikaona haitamdhuru."

Nikamwuliza angeweza kunionyesha rundo hilo. Akasema yako mengi sasa, na yote ni meusi, na yeye mwenyewe akipita hajui tena lipi ni la nani. "Hata ukifika," akaniambia, "utainama kwa lipi?" Halafu akalipia chai, ingawa mimi ndiye mkubwa, na nilimwacha alipe.

Sikumwambia Bwana kitu. Bado nilikuwa nataka kwenda. Unanijua, nikiambiwa chungu ni tupu lazima niingize mkono. Lakini jibu la wakubwa likaja: hapana. Si mwaka huu, na mwaka mwingine hawakuutaja. Tukageuza nyumba yetu, tukapanda mlima kurudi Nanyuki, mwendo wa konokono aliyefiwa.

Bwana hakuwa Bwana tena. Alikuwa akikaa uwanjani kwenye kile kiti chake cha kuzunguka, akitazama upande wa kaskazini, blanketi magotini. Memsabu amesema basi, wanaenda kwa dada yake ng'ambo, nyumba hii wataikabidhi kwa wengine. Magurudumu ya gari ameshayauza. Siku moja nilimpelekea Bwana uji, akanishika mkono wa shati.

"Mpishi. Ile ndege. Pengine hapana iko tena."

Ningeweza kumwambia ukweli akanifukuza, au kumwambia uongo mwingine akalala vizuri. Nilisimama na bakuli la watu. Nikasema, "Pengine, Bwana." Akatingisha kichwa, akanywa uji wake. Mimi nikaingia jikoni, nikakaa juu ya debe la mkaa, na huko sitakuambia nilifanya nini.

Sasa nalala ndani ya hiyo gari. Wameniambia niilinde mpaka mwenye kuvunja mbao aje. Nakuandikia kwenye meza yake ya ramani. Kitanda ni laini sana, kinanikataa. Nafungua pazia asubuhi na niko wilaya ile ile.

Mama Muthama, peleka mbuzi.

Usingoje nije. Mto Athi ukipata maji hamtavuka kwenda Kambu, na Nzioka ni mtu wa kubadili mawazo akiona mawingu. Chagua mitamba, usimpelekee yule dume mwenye jicho moja ukidhani hataona. Ndugu yangu mdogo ndiye asimame mahali pangu aseme maneno, lakini asipewe pombe kabla ya kusema, apewe baadaye. Mchungaji wako akikuambia ni dhambi kumwolea mtu asiyepumua, mwambie kwenye Biblia yake kuna mahali watu waliamriwa kulisimamisha jina la ndugu yao aliyekufa. Atafute mwenyewe, kusoma ndiyo kazi tunayomchangia.

Juu ya nani atakayekuwa akipita nyumbani kwa Ndanu, hilo halikai kwenye karatasi. Achague binti mwenyewe. Wewe usimchagulie, maana wewe ulinichagua mimi na matokeo unayaona.

Ila kitu kimoja nakuomba. Akishaingia hapo nyumbani, mkae naye umweleze ameolewa na nani. Usimpake mafuta mwanao. Mwambie ni mbishi, anakula haraka, akicheka pengo linaonekana lote, malenge hayagusi hata kwa kufungwa kamba. Anapiga mluzi akichunga na mbuzi wanamfuata bila fimbo. Ugomvi hawezi, akikasirika analala. Mwambie kasoro nyingine kubwa hana, isipokuwa hii moja ya kutokuwepo. Mtoto wa kiume wa kwanza atapewa jina langu kama ilivyo desturi, na nawaonea huruma.

Mimi nitakuja wazungu wakiondoka. Sijui nitakuja kufanya nini. Mpishi wa keki Mutomo atampikia nani. Labda nitakaa tu hapo mlangoni nikuudhi, mpaka mmoja wetu achoke.

Nisalimie dada yako mkubwa, mwambie bado simwogopi. Nisalimie ndugu yangu mdogo na mkewe anayemzidi akili. Wajukuu wetu, watoto wa binti yetu wa Nunguni, wapige kofi moja moja la mapenzi. Nzioka mwambie nimemwita mkwe. Na Ndanu, huyo msalimie kwa heshima, kama mke wa mtu.

Ni mimi mumeo, mpishi wa safari zisizoondoka,

Munyoki,
baba wa marehemu Muthama.