Bushi ya Bati

Matsangoni
14 Januari 2024

Kaka Kombe,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi, maana miaka sita si siku sita. Natumai u mzima, na mkono wako uliovunjika haukusumbui. Huku tunaendelea. Mama presha yake inapanda na kushuka, na mimi macho yananitoka machozi nikishika waya nyembamba. Kibanda changu cha kutengeneza redio kiko palepale kando ya barabara.

Usishtuke kupata barua hii. Simeon, yule dereva wa lori la chumvi, ndiye aliyeniambia kwamba uko Gongoni unatengeneza pampu za mashamba ya chumvi, na kwamba simu hutaki hata kuiona. Sikulaumu. Najua ni matusi ya akina nani yaliyokufanya uitupe.

Sababu ya kuandika ni ya kitoto. Mgeni mmoja wa hotelini aliniletea rimoti ya gari la kuchezea, hakurudi kuichukua. Rimoti nzima, gari halipo. Basi nikasema nitaiundia gari lake. Na si gari lolote, ni pikapu ya Baba, ile ya buluu, iwe ya kupanda mawe na kupita matopeni kama yenyewe. Mota nimeitoa kwenye drili mbovu, giya kwenye printa iliyotupwa, ekseli ni spoku za baiskeli. Matairi nimeyachonga kwa soli za champali. Bodi nimeikata kwenye jerikeni.

Ila nimekwama. Springi za nyuma za Baba zilikuwa na bamba ngapi? Na bampa ilipinda upande gani? Hapa nyumbani hakuna anayekumbuka. Gari lile ulilijua wewe.

Mdogo wako,
Hesbon


Gongoni
2 Februari 2024

Hesbon,

Marahaba. Mimi mzima. Mkono huuma mvua ikikaribia, siku nyingine nimeusahau. Chumvi inakula ngozi na vyuma, lakini kazi ipo. Mpe pole Mama kwa presha, ukiona ni salama kutaja jina langu. Ukiona si salama, acha.

Bamba tano kulia, sita kushoto. Baba alipenda kurundika madafu upande wa kushoto na hakutaka kuambiwa kitu. Bampa ilipinda kushoto vilevile, alipougonga mkorosho wa mzee Kiponda siku ileile aliyolinunua gari, akashuka akaukagua mkorosho kwanza. Taa ya kulia ilikuwa na kioo cha gari jingine, cha manjano kidogo.

Kama umeweka springi za kalamu, zitoe. Hazibebi mzigo. Tafuta tepu ya kupimia iliyokufa, ukate ule utepe wake wa chuma vipande vipande, uvipange kimoja juu ya kingine. Hapo utapata springi za lori.

Kaka yako,
Kombe


Matsangoni
25 Februari 2024

Kaka yangu Kombe,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Natumai unaendelea vizuri. Sisi tuko salama, joto tu ndilo linatumaliza.

Utepe wa tepu umefaa kweli. Nimelipakia betri nne na jiwe, halikulala. Taa ya kulia nimeipaka chai iwe manjano.

Jana Mama alikuja kibandani akaliona juu ya meza. Alilishika kwa mikono miwili akaligeuza huku na huku, na alipofika kwenye bampa akacheka. Sijamsikia akicheka tangu tumzike Baba. Kisha akaniuliza ni nani aliyenikumbusha habari ya ile taa. Nikasema nimekumbuka mwenyewe. Alinitazama usoni, akalirudisha mezani, akasema ni vizuri kuwa na kumbukumbu. Kaka, nadhani anajua tunaandikiana, na hajakataza.

Kimebaki kitu kimoja tu. Ule mkono mdogo unaoshika gurudumu na usukani, ambao mafundi wa magari huuita tairodi, nimeutoa kwenye gari jingine la kuchezea. Pini yake ni nyembamba kuliko tundu. Nimeizungushia kipande cha bati kama bushi, ile pete ya kuziba nafasi, nikakaza nati. Imekaa imara kabisa. Wiki ijayo nalipeleka kwenye yale mawe nyuma ya nyumba.

Niandikie.

Mdogo wako,
Hesbon


Matsangoni
17 Machi 2024

Kaka Kombe,

Shikamoo. Hukunijibu, na sasa najua kwa nini. Sitakuuliza afya leo. Naomba usome mpaka mwisho.

Nililipeleka gari kwenye mawe. Mwanzo lilipanda vizuri hata nikajisifu peke yangu. Baadaye, kwenye mteremko, nikiwa nimeshika usukani wa rimoti sawasawa, liligeuka kushoto lenyewe likaporomoka shimoni. Nililiokota nikalifungua. Bati lilikuwa limesagika na pini inacheza tunduni. Nikaketi pale pale juani, kwa sababu mikono yangu ilikuwa imekumbuka kabla yangu.

Ile Alhamisi, siku mbili kabla ya safari, wewe ulikuwa Malindi. Baba alilalamika usukani unalegea, akaniambia nimtafutie tairodi. Nikaipata kwenye vyuma vikuukuu, ya gari la aina nyingine. Pini ilikuwa nyembamba. Baba alitaka gari siku ileile, na mimi nilitaka aone kwamba hata fundi wa redio anaweza. Nikakata mkebe wa mafuta ya kupikia, nikazungushia bati, nikakaza. Baba akapiga gurudumu teke akasema safi. Uliporudi sikukwambia. Sikukuficha, kaka. Sikuona kama ni jambo la kuambiana.

Jumamosi mkapakia majerikeni ya mnazi, pombe ya kugema, kupeleka matangani Vitengeni, wewe ukashika usukani, na kwenye ule mteremko wa njiani gari likageuka kushoto. Majerikeni yakapasuka. Ulitolewa umelowa mnazi kuanzia nywele hadi viatu, na Baba amekufa kando yako. Kwenye kikao cha ukoo mzee Kiponda aliuliza nani alifika hospitali kwanza, na mimi ndiye niliyesimama nikasema ulinuka pombe. Nilisema nilichonusa. Baada ya hapo Mama akasema usikanyage kaburi la mumewe maadamu yeye yuko hai, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake.

Nimemuua Baba, kaka. Kisha nikakusingizia wewe.

Ndani ya kifurushi kuna huo mkono wa usukani pamoja na bati lake. Nimekutumia ujionee. Niambie ukweli mmoja tu: ulijua?

Mdogo wako, kama bado nafaa kuitwa hivyo,
Hesbon


Gongoni
30 Machi 2024

Hesbon,

Marahaba. Mimi ni mzima.

Nilijua. Nilikuwa nimelala kifudifudi na gurudumu la mbele liko hapa, hatua moja kutoka usoni mwangu. Kulikuwa na kipande cha mkebe kinaning'inia, kile chenye ua jekundu. Mkebe ule ulikuwa jikoni kwa Mama. Na sifahamu mtu mwingine anayekunja bati kwa mikunjo midogo kama anafunga waya wa redio.

Unataka kujua kwa nini sikusema. Hapo nikazimia, na nilipopata fahamu hospitali Baba alikuwa ameshazikwa, na kikao kilikuwa kimekwisha. Mimi nimefungwa plasta mpaka begani, siwezi kujilisha. Wewe ulikuwa unamchotea Mama maji. Nikapiga hesabu yangu: nikisema, nawe utafukuzwa, na mimi kwa mkono huu sitamfaa, Mama atakuwa amepoteza mume na wana wawili. Nikinyamaza, atabaki na mmoja. Basi nikanyamaza.

Lakini usinifanye malaika. Nimekuwa na hasira nawe miaka sita. Kila pampu niliyofungua humu nimetafuta bati lako. Uliponiandikia kuhusu ile bushi nilitaka kukujibu, nikashindwa kushika kalamu. Hasira bado ipo. Naandika nayo.

Hata hivyo nakuomba: Mama usimwambie. Presha yake haitabeba. Amechoka, muache akae na huyo mwana aliye naye. Mimi nimeshazoea.

Kaka yako,
Kombe


Matsangoni
12 Mei 2024

Kaka yangu Kombe,

Shikamoo. Mama ametutoka. Alifariki tarehe mbili alfajiri na tumemzika tarehe nne, kando ya Baba, upande wa mkorosho. Nilimtuma Simeon akuletee habari siku ileile. Amerudi akaniambia umepelekwa mashamba ya mbali kufunga pampu na mvua imekata njia. Tulingoja mpaka saa kumi jioni. Wazee wakasema hatuwezi kungoja zaidi.

Sasa nikuambie lililonileta kwenye karatasi hii.

Barua yako ya mwisho nilipoisoma, nililia, kisha nikapumua. Nilipumua, kaka. Nilifurahi kwamba umenikataza. Nikaikunja nikaitia mfukoni mwa shati, na kila nilipotaka kumwambia Mama niliipapasa nikajiambia kaka amekataza. Nimejificha nyuma yako mara ya pili.

Siku tatu kabla hajafa alitaka nimketishe mlangoni. Akaniomba ile pikapu, nikamwekea mapajani. Akawa anazungusha tairi kwa kidole. Halafu akaniuliza, bila kunitazama, "Hesbon, Kombe alikuwa amelewa kweli siku ile?"

Alikuwa ananipa mlango. Barua yako ilikuwa hapa kifuani. Nikamwambia, "Mama, pumzika." Akasema, "Haya." Hakuuliza tena.

Wakati wa kutupa udongo nilishindwa kuutupa. Nilibaki na udongo mkononi, watu wananingoja, na nikasema yote. Bati, mkebe, Alhamisi, kikao. Nilisema hukuwa umeonja hata tone. Mzee Kiponda aliketi chini kama mtu aliyesukumwa. Mama ndiye peke yake aliyestahili kusikia, na alikuwa ameshafunikwa.

Hakuna anayekuzuia tena. Ukoo unakuomba uje, na mimi nakuomba kwa magoti.

Mdogo wako,
Hesbon


Matsangoni
23 Juni 2024

Kaka Kombe,

Shikamoo. Natumai mvua zimekuachia na umerudi Gongoni salama. Mimi nala, nalala, nafungua kibanda.

Kifurushi chako kimefika. Nimekipekua mara tatu nikitafuta barua, nikakunjua hata gazeti ulilofungia. Hamna. Ni ule mkono wa usukani tu, na bushi mpya ya shaba. Umeichonga kwenye mashine, imekaa mviringo safi, haina mkunjo hata mmoja. Nimeifunga. Nimeliendesha gari kwenye mteremko uleule mara nyingi mpaka betri ikafa. Halikuyumba.

Sijui kama hiyo ndiyo barua yako. Nimeipokea kama ilivyo.

Nami nakuletea kitu. Hukutupa udongo wa Baba, ulikuwa hospitali. Hukutupa wa Mama, ulikuwa mbali. Nimechukua konzi moja kutoka kila kaburi, nikazifunga kwenye vitambaa viwili, nikazipakia nyuma ya pikapu. Cha buluu ni cha Baba. Cha kanga ni cha Mama. Springi zimebeba bila kulala, bamba tano kulia na sita kushoto. Simeon atalifikisha gari mkononi mwako.

Ukiweza kuja, urudishe udongo kwa mkono wako. Ukiona huwezi, utupe huko huko uliko. Rimoti nimebaki nayo mimi.

Mdogo wako,
Hesbon


Matsangoni
18 Agosti 2024

Kaka yangu Kombe,

Shikamoo. Simeon ameniambia umeacha kazi ya chumvi na hakuna anayejua ulikoelekea. Naandika hivyo hivyo. Barua nitampa abaki nayo kwenye lori, huenda mkakutana njiani.

Jumanne nilikwenda Kilifi kununua risasi ya kulehemu na nyaya. Niliporudi mchana, Kadii, mtoto wa jirani, alinijia mbio. Akasema mwanamume mmoja alipita akaomba maji ya kunywa. Alishika kata kwa mkono wa kushoto, wa kulia haukunyooka vizuri. Alimuuliza makaburi ya nyumba hii yako wapi. Kadii akamwambia mwenye nyumba atarudi sasa hivi, amsubiri kivulini. Akashukuru, akasema ana safari.

Nilikimbia mpaka kwenye mkorosho. Gari lilikuwa limeegeshwa katikati ya makaburi mawili, nyuma tupu. Vitambaa ulivikunja vizuri ukaviweka chini ya jiwe. Juu ya kila kaburi kulikuwa na udongo mkavu, wa rangi tofauti kidogo na ule uliolowa mvua. Nilitoka mpaka barabarani nikatazama upande wa Malindi, kisha upande wa Kilifi. Nilisimama pale mpaka gari la tatu lilipopita.

Najua ulijua siko nyumbani. Kibanda kilikuwa kimefungwa, na wewe ulipita mbele yake. Sikulaumu. Umekuja kwa waliokuzaa, na mimi bado hujanifikia.

Pikapu nimeiacha palepale, nimeifunika kwa karai mvua isiiharibu. Betri nitaitoa kila Jumapili niichaji, niirudishe. Rimoti iko kwenye dirisha la kibanda, upande wa barabarani, mahali ambapo mtu anaweza kuichukua bila kuniita.

Mdogo wako,
Hesbon