Mdogo Wangu Alikata Maneno ya Baba

Bi. Mwatumu mpendwa, shikamoo. Nakuandikia nikiomba msaada kwa sababu hapa sina mtu ninayeweza kumwambia jambo bila jambo hilo kufika sokoni kabla yangu, na tafadhali usiandike jina langu halisi, niite Adelfina, na hao wengine nimeshawabadilisha majina mwenyewe.

Baba yetu, Mzee Faustini, alifariki mwezi wa tatu mwaka huu wa 2006 hapa Kibimba, wilaya ya Ngara, baada ya kuugua koo kwa muda mrefu, na alipoona sauti inamwishia alimwita mdogo wangu Anatory, mtoto wake wa kiume wa pekee, ambaye anafanya kazi kwenye studio ya Mzee Halfani pale Ngara mjini wanakorekodi kwaya na nyimbo za harusi, akamwambia alete kinasa sauti ili aache wosia kwa mdomo wake mwenyewe maana hakujua kuandika. Mimi siku hiyo nilikuwa kwa mume wangu. Matanga yalipokwisha wazee wakakaa, Anatory akaweka CD, tukasikiliza, baba akasema shamba la juu lenye kahawa ni la Anatory na la bondeni ni langu, na tusigombane. Nyumba haikutajwa, kwa hiyo wazee wakasema nyumba ni ya mtoto wa kiume kama kawaida, na Anatory akainama, hakusema kitu.

Lakini mshauri, siku ile baba anarekodiwa mvua ilikuwa inanyesha, unaisikia kwenye bati tangu mwanzo, na baba aliposema "Na sasa Adelfina," mvua ikaruka, ilikuwa kubwa mara ikawa manyunyu, halafu baba akaendelea, "apewe la bondeni." Nilimtazama Anatory, naye akatazama miguu yake.

Nilimfuata nje nikamuuliza, "Hapo kati kulikuwa na nini?"

Akasema, "Baba alikohoa sana, dada. Niliona haipendezi watu wasikie, nikatoa."

Ningeamini, ila nilipomsimulia mume wangu Frednand aliweka kijiko chini akaniambia, "Mtu hakati kikohozi cha marehemu baba yake. Amekata haki yako." Tangu siku hiyo sikupata raha, nikawa namchunguza Anatory kwa kila kitu, kwa nini amebadilisha kufuli ya nyumba, kwa nini baada ya misa hapiti tena kwetu, kwa nini nikimtaja baba yeye anauliza habari za mahindi, na kila jibu alilonipa nililigeuza upande wa pili nione limeandikwa nini.

Basi alipokwenda Biharamulo kurekodi kwaya, nilikwenda studio nikamdanganya Fathiya, binti wa Mzee Halfani, kwamba Anatory amenituma nichukue CD nyingine ya wosia. Fathiya ni msichana mwema, akaifungua ile kazi kwenye kompyuta, nikaona sauti ya baba imechorwa kama meno ya kitana, vipande viwili vimeunganishwa. Nikamuuliza kama kilichotolewa pale katikati kinaweza kupatikana. Akaniambia, "Orodha ya hatua alizofanya haipo, hiyo hupotea ukifunga kazi. Lakini programu hii haikati kitu kikweli, mama. Ukikata, inaficha tu. Rekodi ya asili inabaki nzima ndani. Unashika ukingo wa kipande unauvuta, hivi." Akavuta. Mvua ikarudi, na baba akarudi nayo.

Nimeyashika maneno yake kama sala. "Adelfina hakuzaliwa na mama yenu. Mwaka sabini na mbili, tukiwa bado tunaishi Bisibo, walifika watu wanakimbia kutoka Burundi, mmoja wao mwanamke mgonjwa, ana kitoto mgongoni. Akafia kwetu. Mtoto tukabaki naye, ni wetu. Anatory, umwambie wewe, asije akaambiwa na mtu mbaya. Na nyumba hii ni yake, ili asikose pa kurudi." Baada ya hapo ndipo lilipofuata la bondeni.

Fathiya alitoka nje bila kuambiwa. Aliporudi nilimwomba arudishe kama ilivyokuwa, akausukuma ule ukingo, baba akanyamaza. Nina miaka thelathini na nne, mshauri, na mama niliyemzika miaka sita iliyopita sikujua kwamba hakunizaa.

Sasa sijui namwonaje Anatory. Siku nyingine nasema alinificha ili kunilinda, maana wewe mwenyewe unajua siku hizi wakimbizi wa kambi ya Lukole wanarudishwa kwao Burundi, na huku vijijini mtu akisikika tu kwamba asili yake ni ng'ambo anaulizwa karatasi. Siku nyingine nasema hapana, alitaka nyumba, na asili yangu ni kisingizio alichookota njiani. Frednand anataka nipeleke malalamiko kwa wazee, bado sijamwambia nilichosikia. Nikiwaambia wazee nyumba ni yangu lazima waulize kwa nini, na nikiwaambia kwa nini sijui kesho nitaitwa nani. Nifanye nini?

Mimi mwenye mashaka, Kibimba.

JIBU

Marahaba, Adelfina. Pole kwa kumpoteza baba, na pole kwa kuyasikia hayo umeketi kwenye kiti cha mtu mwingine, baada ya kudanganya ili uingie. Hilo la kudanganya nitaanza nalo. Fathiya alikuamini, na Anatory akijua, Fathiya ndiye atakayeulizwa na baba yake kabla yako. Nenda kamwombe radhi. Mwombe pia aiweke nakala ya ile rekodi nzima mahali pa pili, kwa idhini ya baba yake, kabla kompyuta haijaharibika.

Sasa mdogo wako. Amekosa, na asitafutiwe maneno matamu. Baba alimpa kazi moja, "umwambie wewe," na kazi hiyo hakuifanya. Badala yake alikutazama usoni akakuambia kikohozi. Lakini wewe nawe umejipa uhakika ambao huna. Unasema alitaka nyumba. Mtu anayeishi kwa kazi ya sauti anajua vizuri kuliko Fathiya kwamba alichokificha kinaonekana kwa kuvuta ukingo. Angeweza kuifuta rekodi ya asili. Hakuifuta. Huenda alikuwa anangoja siku ya kukuambia, huenda alikuwa mvivu tu. Mimi sijui, wewe hujui, na Frednand hajui kabisa. Mumeo, tangu mwanzo, ameuliza habari ya haki yako kwenye mali. Hajauliza kwa nini huna raha. Mwambie siri hii baada ya kuzungumza na Anatory, usimwambie kabla, kwa maana ukimwambia leo, kesho itakuwa kesi.

Umeniuliza utaitwa nani. Mwanamke aliyekufa Bisibo alikubeba mgongoni mpaka pale alipofika, na mwingine akakupokea. Una mama wawili, na hakuna aliyekutupa. Acha kujihesabu kama mzigo uliosahauliwa njiani.

Fanya hivi. Nenda kwa Anatory mchana, peke yako. Usimtege, usimwambie "niambie ukweli" wakati ukweli unao mfukoni. Mwambie umesikia, na ulivyosikia. Kisha muulize maswali mawili, moja baada ya jingine, usiyachanganye: kwa nini ulinificha habari yangu, na kwa nini ulinyamaza wazee walipokupa nyumba. La kwanza linaweza kuwa na jibu jema. La pili atalijibu kwa vitendo, akishindwa ndipo uende kwa wazee. Na kabla hujatamka neno "Burundi" mbele ya mkutano wowote, onana na mtu anayejua sheria, kwenye parokia wapo watakaokuelekeza. Hasira isikupeleke kujishtaki mwenyewe.

BARUA YA PILI, iliyotufikia mwezi wa tisa

Bi. Mwatumu, shikamoo. Nilikwenda. Nilimkuta Anatory anapalilia, nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Alikaa chini kwenye matuta na jembe lake. Akasema hata yeye alikuwa hajui, alisikia kwa mara ya kwanza amevaa vile visikilizio masikioni, na hakuweza kumkatiza baba. "Siku tatu nilikuwa najaribu kukuita dada nikiwa peke yangu, nisikie kama neno linatoka sawa," akaniambia. "Likatoka. Nikaogopa kukuambia lisije likakwama kwako."

Nikamuuliza la nyumba. Akasema maneno ya nyumba yalikuwa yameshikana na yale mengine, angeacha moja watu wangeuliza jingine. Halafu akasema, "Na wazee waliponipa, nilifurahi, dada. Hilo sikufichi." Sijui kama angeniambia iwapo nisingekwenda. Bado najiuliza, na nadhani nitaendelea kujiuliza.

Baada ya kuonana na yule mtu wa sheria, wiki iliyopita tulikwenda ofisi ya mtendaji wa kijiji, Anatory akaandikishe kwamba nyumba ananiachia mimi. Mtendaji akamtazama, akanitazama mimi, akauliza sababu ya mwanamume kumwachia mwanamke aliyeolewa nyumba ya baba yake. Nilitazama mdomo wa mdogo wangu.

"Andika kwamba ni dada yangu," akasema.

Mtendaji akangoja aongeze neno. Hakuongeza. Mtendaji akaandika.